Hyumidifaya ipo, taa inawaka, na nyumba bado kavu kama katani

Mi ni fundi AC na mafriji hapa Tanga, kibanda changu kiko Ngamiani, na miaka yote kazi yangu imekuwa kuutoa unyevu ndani ya nyumba za watu, sijawahi kuombwa kuuongeza. Sasa Januari iliyopita mdogo wangu anayeishi Saint Paul kule Minnesota akanipigia video analalamika kinyume kabisa na wateja wangu wote, midomo imepasuka, mwanae wa mwisho anatoka damu puani akiamka asubuhi, kila akishika kitasa cha mlango anapigwa shoti, halafu akanigeuzia simu nione kile kibao cha mbuzi alichopewa na mama siku anaondoka. Ubao wa kukalia umepasuka, ufa umetoka kwenye chuma cha kukunia mpaka nyuma kabisa na ukucha unaingia. Akaniambia, "Kaka, na mashine ya kuongeza unyevu, hyumidifaya, tunayo, imefungwa kwenye hita tangu tununue nyumba, taa yake inawaka. Sasa inafanya kazi gani?"

Ilituchukua wikiendi tatu za simu mpaka kujua inafanya kazi gani. Nayaandika hapa maana nimeona ndugu zetu wengi walioko nchi za baridi wanahangaika na jambo hilihili, wananunua vimashine vya mezani vinavyotoa ukungu, cha kwanza, cha pili, cha tatu, pesa zinaisha na pua bado zinatoka damu. Shida ni kwamba unyevu ukiwa chini ndani ya nyumba sababu inaweza kuwa kwenye maji, au kwenye upepo, au kwenye hita yenyewe, au kwenye nyumba, na mara nyingi ni mbili tatu kwa pamoja, kwahiyo ukirekebisha moja ukaona haijabadilika unadhani umekosea kumbe umepatia ila zimebaki nyingine.

Tuanze na hewa. Hewa inabeba maji, mtu wa pwani analijua hilo mwilini, ila kiasi inachoweza kubeba kinategemea joto lake. Hapa Tanga siku ya nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75, mita moja ya ujazo ya hewa ina kama gramu 23 za maji. Kule kwa mdogo wangu nje ni nyuzi 15 chini ya sifuri, na hewa ya baridi hiyo hata ikishiba kabisa, yani asilimia 100, haibebi zaidi ya gramu moja na nusu hivi. Sasa hewa hiyo inaingia ndani, hita inaipasha mpaka nyuzi 21, maji yake ni yaleyale gramu moja na nusu lakini sasa ina nafasi ya kubeba gramu 18, ukigawanya unapata kama asilimia 8. Hita haijakausha kitu chochote, watu wengi wanailaumu bure, ni hewa imeingia maskini tangu nje na joto limeiongezea njaa. Na hewa yenye njaa ya maji inayachukua popote inapoyakuta, kwenye midomo, kwenye pua ya mtoto, kwenye mti wa kibao cha mbuzi. Hapa kwetu wakati wa masika milango inavimba mpaka unaisukuma kwa bega, kule ubao unasinyaa mpaka unapasuka, ni jambo moja linaenda pande mbili.

Ndo mana mama yangu anaweka punje za mchele kwenye kichupa cha chumvi. Chumvi safi inaanza kunywa maji ya hewani unyevu ukipita asilimia 75 hivi, na hii ya baharini isiyosafishwa inaanza mapema zaidi kwa sababu imechanganyika na chumvi nyingine zinazovuta maji, kwahiyo pwani yetu chumvi karibu mwaka mzima inagandamana. Namba hiyo 75 ikumbuke maana ndo iliyotusaidia mwanzo wa kazi.

Kabla hujafungua mashine yoyote, pima. Ile namba ya unyevu inayoonekana kwenye thamostati, kile kidude cha ukutani kinachoiongoza hita, usiiamini peke yake. Ya mdogo wangu ilikuwa inaonesha 34, namba nzuri kabisa, huku mtoto anatoka damu, nikamwambia hapo kuna uongo. Akanunua vipimo viwili vidogo vya unyevu vya bei rahisi, nikamwambia chukua kifuniko cha chupa ya soda, jaza chumvi ya mezani, idondoshee maji mpaka iwe kama uji mzito lakini isiyeyuke yote, weka kifuniko na kipimo ndani ya mfuko wa plastiki wa kufunga, uache usiku kucha. Ndani ya mfuko ule hewa itajipanga yenyewe kwenye asilimia 75, chumvi haiwezi kudanganya. Asubuhi kimoja kikasoma 74, kingine 68. Hicho cha 68 tukakiandika kwa kalamu "ongeza 7" na kukiweka akiba, cha kwanza tukakifanya ndo hakimu, na hakimu sebuleni akasema 17. Basi, tukajua tunahangaika na kitu cha kweli na tunaanzia wapi, bila namba hiyo kila unachofanya ni kubahatisha.

Sasa mashine yenyewe. Aina inayofungwa sana kwenye hita za hewa kule Marekani ni rahisi mno, mtu wa friji akiiona mara moja anaielewa. Hita ina feni inayovuta hewa ya ndani ya nyumba kwenye dakti moja, yani njia ya bati ya kupitishia hewa, inaipitisha kwenye moto wa gesi, inairudisha vyumbani kwenye dakti nyingine. Hyumidifaya ni boksi limebanwa kwenye dakti moja, na kutoka hapo kuna bomba nene la bati linakwenda dakti ya pili, kwahiyo feni ikisukuma, sehemu ya hewa ya moto inajipitia yenyewe ndani ya boksi kwa sababu upande mmoja unasukumwa na mwingine unavutwa. Ndani ya boksi kuna pedi ya matundumatundu kama sega la asali, juu yake kisinia kinachodondosha maji, maji yanashuka kwenye pedi, hewa moto inapita katikati, mengine yanageuka mvuke na yanayobaki yanatoka chini kwenye mpira kwenda kwenye tundu la maji machafu. Ni mtungi wa maji wa bibi, ule wa udongo unaotoa jasho na kupoza maji ya kunywa, tofauti ni kwamba hapa tunachotaka ni lile jasho.

Na ukiielewa hivyo unaona kwamba vinatakiwa vitu vitatu kwa wakati mmoja, maji yawe yanatiririka kwenye pedi, upepo uwe unapita kwenye pedi, na upepo huo uwe na joto. Kimoja kikikosekana taa itaendelea kuwaka na hutapata kitu. Ile taa inasema tu kwamba mashine imeagizwa ifanye kazi, haisemi kazi imefanyika.

Upepo ndo ulikuwa wa kwanza kutukamata. Kwenye lile bomba la bati kuna kilango cha ndani, kisahani cha bati kinachozungushwa na kishikio kidogo nje, upande mmoja kimeandikwa kiangazi upande mwingine kipupwe, kwa Kiingereza chao. Wakati wa joto kinafungwa maana bomba likiwa wazi hewa ya AC inakimbilia huko badala ya kwenda vyumbani. Nikamwambia shemeji aende chini kwenye chumba cha hita na simu, aniwekee kamera karibu, nikaona kishikio kimelala upande wa kiangazi na juu yake vumbi limetanda sawasawa bila alama ya kidole. Kwa vumbi lile naamini kilikuwa hivyo tangu kabla hawajainunua nyumba. Mashine ilikuwa inamwaga maji kwenye pedi halafu maji yote yanaenda kwenye tundu, kila siku, kila mwezi, na bili ya maji inalipwa. Akakigeuza. Baada ya siku mbili hakimu akasema 20.

Asilimia tatu tu. Hapo mdogo wangu alikata tamaa kabisa, na hapo ndo pa kuwa na subira, kwa sababu tulikuwa tumefungua upepo kwenye pedi iliyokufa.

Kufungua boksi kwanza zima umeme wa hita kwenye swichi yake, funga koki ya maji, subiri kipoe. Shemeji akaitoa pedi, nikamwambia isogeze kwenye mwanga, ilikuwa nyeupe na ngumu kama kipande cha tofali, matundu mengi yamezibwa na chokaa. Wa kwetu anaweza kulielewa hili kirahisi, mapango ya Amboni pale yako kwenye mwamba wa chokaa, maji yanapita kwenye mwamba yakibeba chokaa yakifika kwenye hewa yanaiacha, tone kwa tone, ndo yakajengeka yale mawe yanayoning'inia tunayopeleka wageni kuyaona. Kwenye pedi ni hayohayo ila kwa haraka, maji yanaondoka kama mvuke na chokaa haiwezi kupaa, inabaki. Na ndo sababu mashine hizi zinamwaga maji mengi zaidi ya yanayotumika, yale ya ziada yanasafisha chokaa isijae, kwahiyo ukiona maji yanatoka kwenye mpira wa chini usidhani ni hasara ukafikiria kuupunguza. Pedi inabadilishwa kila mwanzo wa msimu wa baridi, na kama maji ya eneo lako ni magumu sana, yani yana chokaa nyingi, hata mara mbili kwa msimu. Wengine wanailoweka kwenye siki ili kuokoa pesa, inasaidia kidogo, ila pedi iliyoganda kiasi kile usijisumbue, nunua mpya. Kisinia cha juu ndo ukiloweke kwenye siki na matundu yake uyazibue kwa kijiti cha meno.

Pedi mpya ikaingia, na tukaangalia maji sasa. Kiashiria chake kipo kwenye ule mpira wa chini, wakati mashine inafanya kazi maji yatoke kama uzi usiokatika, si tone... tone... tone. Kwao ilikuwa tone. Njia ya maji ni hivi, koki ndogo kwenye bomba la nyumba, kibomba chembamba, halafu valvu ya umeme, na ndani ya njia hiyo kuna kichujio na kipande kidogo chenye kitundu chembamba sana ambacho kazi yake ni kupimia maji, kwenye mashine nyingi yapite kama lita 11 kwa saa. Valvu inatumia volti 24 kutoka kwenye transfoma ndogo, na ikifunguka inalia "tak", mtu aliyeweka mkono juu yake anaisikia. Kama hailii, chukua mita upime kwenye waya zake, ukikuta volti 24 na haifunguki basi koili yake imekufa, ukikuta hakuna volti rudi nyuma kwenye kile kidude cha ukutani kinachopima unyevu, kwenye waya, kwenye transfoma. Ya kwao ililia vizuri, kwahiyo umeme ulikuwa safi, ugonjwa ulikuwa kwenye kile kitundu, kuna chembe moja ya kutu imekaa pale kama punje ya ufuta. Punje ya ufuta! Imeikosesha maji nyumba ya watu watano. Wakaisukuma nje kwa kupuliza, usitumie sindano maana ukikitanua kitundu umeharibu kipimo.

Mpaka hapo hakimu akapanda 25, siku nyingine 26. Mtoto akaacha kutoka damu. Mdogo wangu akataka kuishia hapo na mi nikakubali kwa muda, ila nikaendelea kujiuliza kwanini haipandi zaidi, na jibu liko kwenye hesabu ambayo ningependa kila mwenye nyumba kule aifanye mara moja.

Chukua nyumba ya mita 15 kwa 10, dari mita mbili na nusu, ni mita za ujazo 375 za hewa. Nyumba ya kawaida isiyobana sana, tuseme kila saa nusu ya hewa yake inatoka na ya nje inaingia, hata ukifunga madirisha, inapita kwenye nyufa. Kila mita ya hewa mpya inakuja na gramu moja na nusu, na ili ndani iwe asilimia 30 unahitaji gramu tano na nusu, kwahiyo unaiongezea gramu nne. Zidisha, utapata gramu 750 kwa saa, ni lita 18 kwa siku. Karibu ndoo kubwa nzima ya maji, kila siku, iwe mvuke. Kupika na kuoga na kupumua kwenu kunachangia lita kadhaa, zinazobaki lazima zitoke kwenye mashine. Sasa nyumba ikivuja mara mbili ya hapo unahitaji lita 36, na mashine inafanya kazi pale tu hita inapowaka. Hapo utaona kwanini kile kimashine cha mezani cha lita tatu kinafaa kwenye chumba kimoja mlango umefungwa, na sufuria la maji juu ya kipasha joto ni kujifariji.

Kwahiyo kila tundu unaloziba ni maji uliyoyaongeza bila mashine. Sisi huku tunajenga nyumba na matofali ya matundu juu karibu na dari ili joto litoke, na linatoka kweli, hewa moto inapanda. Kule ni hivyohivyo ila hawataki, hewa yenye joto na unyevu waliyoilipia inapanda, inatokea darini kwenye kila tundu la taa na kifuniko cha kupandia darini, na kwa kuwa imetoka juu hewa kavu ya nje inavutwa chini kuziba nafasi yake. Mdogo wangu alizunguka nyumba usiku wenye upepo na ubani, moshi wa ubani unakuonesha hewa inakokwenda vizuri kuliko kitu chochote, na moshi ukanyooka moja kwa moja kwenye mahali pa kuotea moto sebuleni ambapo hawajawahi kuwasha. Bomba lake la moshi lilikuwa wazi mpaka juu ya paa! Wakafunga kilango chake, wakaweka mpira kwenye kifuniko cha dari, na feni ya bafuni iliyokuwa inazunguka usiku kucha wakaizima baada ya kuoga. Jambo moja la usalama hapa, hita ya gesi yenyewe inahitaji hewa na bomba lake la moshi haliguswi kamwe, na kengele ya gesi ya kaboni monoksaidi lazima iwepo na iwe inafanya kazi kabla hujaanza kuziba chochote. Hilo usilipuuze hata kidogo, gesi ile inaua watu wakiwa wamelala.

Hita nayo ina neno lake. Mashine inapata muda wa kufanya kazi kulingana na hita inavyowaka, siku ambayo baridi si kali hita inawaka dakika chache inazima, na hita kubwa kupita nyumba ndo mbaya zaidi, inapasha haraka inazima haraka, pedi haipati muda. Thamostati nyingi za sasa zina mpangilio wa kuzungusha feni wakati unyevu umepungua hata kama moto haujawaka. Inasaidia, ila hewa isiyo moto inakausha pedi polepole, kugeuza lita moja kuwa mvuke kunakula joto zaidi ya mara sita ya lile la kuipasha kutoka nyuzi 20 mpaka 100, na joto hilo lazima litoke mahali. Ndo mana nyumba zenye hita ya aina ya AC ya kugeuza (heat pump), ambayo hewa yake haina moto mkali, mara nyingi wanaunganisha hyumidifaya kwenye bomba la maji moto. Kwao ni gesi, maji baridi yalitosha.

Wiki ya tatu hakimu akafika 33 na mdogo wangu kwa furaha akazungusha kile kidude mpaka 45, na mi nilikuwa nimekosea sikumwonya. Baridi ikashuka nyuzi 18 chini ya sifuri, kesho yake akanionesha dirisha la chumba cha watoto, kioo kinatiririka kama glasi ya juisi ya barafu mchana wa Tanga, na ukingo wa chini maji yameganda kuwa barafu, pazia limenata ndani yake. Kioo ndo sehemu ya baridi kuliko zote ndani ya nyumba, unyevu unakigonga unageuka maji, na ndani ya kuta ambako huoni unafanya hivyohivyo, baada ya hapo ni ukungu mweusi na mbao kuoza, kitu ambacho wateja wangu huku wananilipa niwaondolee. Kwahiyo namba ya kulenga inashuka na baridi ya nje. Nje ikiwa nyuzi 7 chini ya sifuri lenga 35, ikiwa 12 chini lenga 30, ikiwa 18 chini lenga 25, ikiwa 29 chini hata 15 inatosha, na vidude vya kisasa vina kihisio cha nje kinachofanya hesabu hiyo chenyewe. Kama huna, kioo ni mwalimu wako, kikianza kutoka jasho pembeni asubuhi punguza.

Sasa hivi akiniita kwenye simu ni mambo ya kawaida. Aprili alipofunga koki ya maji na kutoa pedi nilimwambia asisahau kilango, akanitumia picha, amefuta maandishi yale ya Kiingereza yaliyochakaa na kuandika upya kwa kalamu nene kwenye bati, KIPUPWE upande mmoja na KASKAZI, msimu wetu wa joto, upande wa pili, na kishikio kimelala kwenye KASKAZI.